Kilio cha Msasi: Mbwa Chamfumu katika Mwanzo wa Ufalme wa Usambara

Tarehe za dola nyingi hupimwa kwa vifo vya wakubwa. Mfalme hufariki, mwana hurithi, ndugu hugombana, na mwandishi huanza sura mpya. Wanyama hawana nafasi katika hesabu hiyo, isipokuwa ng'ombe wanapokufa kwa maradhi na watu wakaona njaa kwa sababu yao. Kwa hiyo msomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu kikuu cha tarehe ya wafalme wa Usambara, hukutana na jambo geni kabla hajafika mbali. Kabla ya kiti cha enzi, kabla ya ngoma za ufalme, kabla ya mji wa Vuga, anakuta kifo cha mbwa. Mbwa huyo ametajwa kwa jina lake, Chamfumu, na huzuni ya bwana wake imetajwa pamoja na jina hilo. Bwana huyo ni Mbega, msasi wa nguruwe kutoka Nguu, ambaye uzao wake ulitawala Usambara tangu karne ya 18 mpaka utawala wa machifu ulipoondolewa Tanganyika baada ya uhuru.

Kwa kipimo cha kurasa jambo hili ni dogo. Kwa kipimo cha maana si dogo hata kidogo. Habari ya Mbega ilipita midomoni mwa watu kwa karne nzima na zaidi kabla ya kufika penye wino, na safari ya namna hiyo ni safari ya kupunguza mizigo. Msimulizi mmoja husahau jina la mto, wa pili husahau idadi ya watu, wa tatu huunganisha siku mbili zikawa moja. Kinachovuka safari hiyo kikiwa kizima huwa kimeshikwa na mkono uliokataa kukiachia. Basi yafaa kuuliza ni mkono gani uliomshika mbwa huyu, na kwa nini watu waliokuwa wakisimulia asili ya wafalme wao hawakuona aibu kuanza na machozi yaliyomwagwa kwa ajili ya mnyama.

Mwandishi wa kitabu hicho alikuwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Hakuwa Mshambaa wa mlimani, wala hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa Mwislamu wa pwani aliyeijua bara kwa kuishi ndani yake. Alikaa na Semboja wa Mazinde, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Vuga, na aliziona kwa macho yake fitina na vita vilivyoivunja nchi baada ya kufa kwa mfalme huyo katika miaka ya 1860. Alipokuwa mtu mzima, katika zama za Wadachi, aliandika yale aliyoyasikia kwa wazee na yale aliyoyashuhudia mwenyewe. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa sehemu na Misheni ya UMCA huko Magila, chini ya milima hiyo hiyo ya Usambara, kati ya 1895 na 1907. Kisha kilitolewa upya Nairobi mwaka 1962, na tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ikafuata mwaka 1963. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vikubwa vya nathari ya Kiswahili vilivyotungwa na mwenyeji juu ya nchi ya bara, na lugha yake ni safi, fupi, isiyopoteza maneno. Mwandishi wa namna hiyo akimtaja mbwa, hakumtaja kwa kujaza ukurasa.

Habari yenyewe huanza kwa kukataliwa. Mbega alizaliwa Nguu, na meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa desturi ya watu wengi wa nchi zile hakuachwa aishi, maana iliaminika kwamba atawaletea jamaa zake mauti. Mbega aliachwa aishi. Wazazi wake walikuwa na nguvu na walimpenda. Lakini walipokufa, jamaa wa ukoo walilikumbuka jino lake kuliko damu yake, wakamnyima urithi. Akawa mtu mwenye asili asiye na fungu, mwenye ndugu asiye na udugu. Kilichobaki mikononi mwake ni mkuki, dawa za uwindaji, na mbwa.

Kutoka hapo akaenda Kilindi, akapata heshima kwa uwindaji wake na akawa rafiki wa mtoto wa mtawala wa huko. Siku moja kijana yule aliandamana naye mawindoni, na mawindoni akauawa. Mbega hakuwa na namna ya kurudi mjini na kusema neno. Nani angeamini kwamba kigego, mtu aliyetabiriwa kuleta mauti, hakuyaleta? Akakimbia pamoja na wenzake na mbwa wake, akaliacha nyuma jina la Kilindi, ambalo baadaye lingekuwa jina la ukoo wake wote. Wakavuka nchi, wakalala porini, wakala nyama waliyoiua, wakaelekea upande wa milima ya Usambara.

Ili kuelewa mbwa alikuwa nani katika msafara ule, ni lazima kwanza kuelewa nguruwe wa mwitu. Mnyama huyu hutembea usiku, kwa kundi, na mchana hujificha katika vichaka vizito ambamo mtu hapiti ila kwa kutambaa. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 80, naye ana meno yanayopasua paja la mtu mara moja. Mtu peke yake, hata akiwa hodari, hawezi kumtafuta katika giza la kichaka. Pua yake haimsaidii, na sikio lake linasikia majani tu. Mbwa ndiye anayeinusa njia, ndiye anayeingia kichakani, ndiye anayemzuia nguruwe mpaka msasi afike na mkuki. Katika kazi hiyo kundi la mbwa lina kiongozi wake, na wenzake humfuata. Akikosea yeye, wote wamekosea. Akiogopa yeye, msasi yumo hatarini. Wasasi huwafunga mbwa njuga shingoni wapate kujua walipo, na msasi aliyezoea huitambua hali ya mbwa wake kwa mlio tu: sasa anatafuta, sasa ameona, sasa ameshikwa.

Chamfumu alikuwa kiongozi wa namna hiyo. Kwa watu waliolala porini, waliokuwa wakifukuzwa na jambo wasiloweza kulieleza mbele ya baraza lolote, mbwa huyo hakuwa pambo wala mchezo. Alikuwa mlinzi wa usiku wao na mwanzo wa chakula chao cha kesho. Alikuwa pia kiumbe aliyemjua Mbega bila kuhesabu meno yake. Katika dunia nzima ya Mbega, watu walimpima kwa dalili ya utotoni. Mbwa alimpima kwa sauti yake, kwa harufu yake, na kwa kipande cha nyama alichogawiwa baada ya kazi. Huenda huo ndio uadilifu wa kwanza aliouona.

Chamfumu akafa. Kifo kilimkuta katika maisha yale ya kambini, wakati bwana wake alipokuwa bado mkimbizi asiye na mji, naye akamlilia. Maneno ya kitabu juu ya jambo hili si mengi, na uchache wake unafaa. Hakuna mbwa aliyewekewa matanga, hakuna jamaa waliokuja kuhani, hakuna mganga aliyeulizwa sababu. Msasi alimpoteza mbwa, na huzuni ikaonekana kwake mbele ya wenzake. Safari ikaendelea, kwa kuwa wakimbizi hawana siku ya kupumzika.

Kisha inakuja habari ya Zirai. Nchi ile ya mpakani mwa Usambara ilikuwa na wakulima waliotegemea migomba, na mashamba yao yaliliwa na nguruwe. Waliona moshi katika pori ambalo hawakujua kuwa lina watu, wakaenda kutazama, wakamkuta mgeni mwenye mikuki, mbwa na nyama nyingi. Wao walikuwa na chakula cha shamba, wala hawakuwa na nyama. Yeye alikuwa na nyama, wala hakuwa na chakula cha shamba. Wakabadilishana. Walipojua kwamba mtu huyu anawaua wale wale wanaowamalizia mashamba, wakatamani akae kwao. Sifa zake zikatoka Zirai zikafika Bumbuli, ambako alipewa mke na kuamua magomvi ya watu, na kutoka Bumbuli zikafika Vuga. Njiani kwenda Vuga, usiku, aliua simba, na kwa hiyo akaitwa Simba Mwene. Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alikuta jina hilo hilo la simba likiitwa Kimweri, mjukuu wa ukoo huo, na habari ya kwamba wafalme hawa walitoka Nguu.

Zirai ni kizingiti cha habari yote. Kabla ya hapo Mbega ni mtu wa pori, na baada ya hapo ni mtu wa watu. Kizingiti hicho hakuvuka kwa upanga. Alivuka kwa nyama ya nguruwe, na nyama ya nguruwe ilipatikana kwa mbwa. Ukitazama kwa makini utaona kwamba ufalme wa Usambara, kama unavyojisimulia wenyewe, haukuanza kwa ushindi wa jeshi juu ya jeshi. Ulianza kwa huduma iliyotolewa kwa wakulima wenye dhiki, na mbwa walitoa sehemu ya huduma hiyo. Chamfumu ni wa upande wa njia usioonekana katika sherehe: wale waliofanya kazi mpaka karibu na mlango, wasiingie.

Wanatarehe wa siku za baadaye wameitazama hadithi hii kwa njia nyingine. Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya Washambaa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ufalme huo mwaka 1974, alionyesha kwamba habari ya Mbega imejengwa juu ya mambo yanayopingana: pori na nyumba, nyama na chakula cha shamba, mtu asiye na jamaa na mtu mwenye wakwe kila mahali. Mbega anatoka upande mmoja na kufika upande wa pili, na kwa kufika huko nchi inapata mfalme ambaye ana nguvu za pori lakini anakaa mjini. Kwa maelezo hayo, ni vigumu kujua wapi pana tukio na wapi pana mfano, na pengine swali hilo si la kwanza kuulizwa.

Lakini katika mpango huo wa pori na nyumba, mbwa ana nafasi yake ya pekee, nayo yafaa kuangaliwa. Nguruwe ni wa pori. Mbuzi ni wa nyumbani. Mbwa peke yake ni wa pande zote mbili kila siku. Asubuhi huingia kichakani na jioni hulala karibu na moto. Ana meno ya mnyama mkali, na humtii mtu. Kabla Mbega hajajua namna ya kuwa mtu wa pori anayekaa na watu, mbwa wake alikuwa akifanya hivyo tangu kuzaliwa. Kama hadithi hii ni mfano, basi Chamfumu ni mfano uliomtangulia mfalme. Kama hadithi hii ni tukio, basi ni tukio lililowagusa watu hata wakalifanya mfano. Kwa njia zote mbili mbwa hakuingia kwa bahati.

Jambo zito zaidi linaonekana mtu akivilinganisha vifo vitatu vilivyomo katika maisha ya Mbega. Cha kwanza ni cha mtoto wa mtawala wa Kilindi. Alikuwa rafiki, na kama kungekuwa na haki katika mambo, Mbega angestahili kukaa chini na kumlilia. Hakupata nafasi. Hofu ilimnyang'anya kilio chake, na mguu ulikimbia kabla ya jicho kutoa chozi. Cha tatu ni cha Mbega mwenyewe. Alipougua na kufa Vuga, wazee wachache ndio waliojua. Maziko yalifanywa kwa siri. Mwanawe Buge aliletwa kutoka Bumbuli, na watu hawakuambiwa kwamba mfalme amekufa mpaka mfalme mpya alipokuwa tayari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya Wakilindi: kiti kisionekane kitupu, adui asipate upenyo, na nchi isilie kabla ya kuwa na mtu wa kuinyamazisha.

Basi katika vifo hivyo vitatu, kilio cha kwanza kilizuiwa na hofu na cha mwisho kilifichwa na siasa. Kifo cha katikati, kifo cha mbwa, ndicho pekee kilicholiliwa wakati wake, na aliyefiwa, bila kificho, wala faida. Hapakuwa na urithi wa kugombaniwa, wala mshukiwa wa kutafutwa. Hakuna aliyemtazama Mbega kuona kama analia vya kutosha au analia kupita kiasi. Mtu aliyezuiwa kumlilia rafiki, na ambaye mwenyewe hangeliliwa hadharani siku ya kufa kwake, alipata mahali pamoja pa kuwa mtu tu, na mahali hapo palikuwa kando ya mbwa wake.

Haya yanakuwa ya ajabu zaidi ikikumbukwa ni nani aliyeyaandika na kwa lugha gani. Kiswahili hakikumpa mbwa maneno laini. Kumwita mtu mbwa ni tusi la kuvunja urafiki. Wahenga wameonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Wengine wamesema mbwa hafi maji akiona ufuko, na methali hiyo humsifu mtu asiyekata tamaa, haimpi mbwa mwenyewe heshima kubwa. Ile methali ya kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia ndiyo inayomkaribia Chamfumu, nayo pia inampa mbwa sifa kwa njia ya bwana wake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Na msasi mwenyewe wa habari hii alikuwa akiwinda nguruwe, mnyama ambaye Mwislamu haili nyama yake. Abdallah bin Hemedi alikuwa na kila sababu ya kupita haraka juu ya kambi ile yenye mbwa na nyama ya nguruwe. Angeweza kumficha mbwa na kumbakiza mfalme, na hakuna msomaji wa Tanga ambaye angemdai.

Hakumficha. Na mtu aliyelelewa katika elimu ya dini alikuwa na mahali pa kusimama katika jambo hilo. Sura ya al-Kahf, sura ya 18 ya Kurani, inasimulia vijana waliokimbia dhuluma wakalala pangoni, na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Watu walipobishana juu ya idadi ya vijana wale, wengine wakasema watatu, wengine watano, wengine saba, kila hesabu ilimhesabu na mbwa baada yao. Wafasiri hata wakampa jina, Kitmiri. Sura ya al-Maida, katika aya ya 4, inaruhusu kula kilichokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. Hadithi mashuhuri za Mtume zinamtaja mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu, na zinamtoa katika makatazo mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Huko Baghdadi, Ibn al-Marzuban, aliyekufa mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Kwa hiyo sheria iliweka mpaka wa tohara, haikuweka mpaka wa shukrani. Mwandishi wa Kilindi alielewa tofauti hiyo. Wakimbizi, pori, na mbwa anayekesha mlangoni: mtu aliyeisoma al-Kahf asingeona picha hii kuwa ngeni.

Mataifa mengine pia yametunza machozi ya namna hii, na kuyalinganisha kunasaidia kuona upekee wa Chamfumu. Katika Odisea ya Homer, mbwa Argos anamngoja bwana wake miaka ishirini, anamtambua mbele ya watu wote wasiomtambua, kisha anakufa. Odysseus anafuta chozi kwa siri, kwa sababu amejigeuza mwombaji na kilio kingemfichua. Hapo pia ufalme unamnyima mtu kilio chake, kama ulivyomfanyia Mbega na nchi yake baadaye. Karibu zaidi na Afrika ya Mashariki yuko Chitane, mbwa mdogo wa manyoya ya kusokota aliyeingia bara na David Livingstone kwa njia ya Ruvuma mwaka 1866. Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Zambia, msafara ulivuka bwawa lenye maji ya kiunoni, upana wake kiasi cha maili moja. Kila mtu alishughulika na mzigo wake na mguu wake, na mbwa akaogelea mpaka akazama. Livingstone aliandika habari zake katika daftari: jinsi alivyokuwa akikimbia kumtazama mtu wa kwanza wa msafara kisha kurudi kumtazama wa mwisho, kana kwamba msafara wote ni amana yake.

Tofauti ya Chitane na Chamfumu iko katika njia ya kukumbukwa. Chitane aliandikwa na bwana wake mwenyewe, na maandishi hayo yakahifadhiwa. Chamfumu hakuwa na daftari. Mbega hakuandika neno. Ili jina la mbwa huyo lifike Magila penye mtambo wa chapa, ilikuwa lazima wenzake Mbega wawaambie wana wao, wana wawaambie wajukuu, na wajukuu waone kuwa jina hilo linastahili kuambiwa mgeni wa pwani aliyekaa na kalamu. Daftari huhifadhi huzuni ya mtu mmoja kwa nguvu ya karatasi. Masimulizi hayahifadhi ila kile ambacho kila kizazi kimekubali tena kukibeba. Kwa hesabu hiyo Chamfumu alikumbukwa upya mara nyingi, na watu ambao hawakupata kumwona hata mara moja.

Inaweza kusemwa kwamba haya ni kutukuza jambo la kawaida. Mbwa alikuwa chombo cha kazi, kama mkuki. Msasi akivunjikiwa na mkuki husikitika pia. Hoja hii ina sehemu ya ukweli. Mbega alipoteza msaada mkubwa, na pengine njaa ya siku zilizofuata ilikuwa moja ya sababu za huzuni yake. Lakini mkuki haupewi jina na kusimuliwa baada ya vizazi vitano. Tena mtu huomboleza nini anapomwombolezea hata ndugu yake, kama si mkono uliofanya kazi pamoja naye, sauti aliyoizoea, na usiku ambao sasa hauna mlinzi? Upendo usio na msaada wowote ndani yake ni vigumu kuupata hata kati ya watu. Manufaa ya mbwa hayapunguzi huzuni, kwa kuwa kazi ya pamoja ndiyo iliyokuwa lugha yao. Mbega na Chamfumu hawakuwa na neno moja la kuzungumza, walikuwa na kichaka kimoja cha kuingia.

Kuna na hoja ya pili, iliyo ngumu zaidi. Nchi ya Usambara ilipoingia katika vita vya wana wa Kimweri, watu wengi waliuawa na wengi waliuzwa utumwani, na majina yao hayakuandikwa. Je, ni haki jina la mbwa lidumu na majina ya watu hao yapotee? Si haki, na hakuna maneno ya kuifanya kuwa haki. Lakini kosa halimo katika kumkumbuka mbwa. Tarehe ya wafalme ilipokwisha kuzoea kuficha vilio, ilificha kwanza kilio cha mfalme, kisha cha raia, kisha cha mtumwa aliyeshuka Pangani amefungwa. Huzuni ya Mbega imesimama mwanzoni mwa kitabu kama kipimo cha yale yaliyokosekana baadaye. Anayeona kwamba mbwa alistahili chozi atawauliza watawala waliofuata ni wangapi waliostahili machozi wasiyapate. Abdallah bin Hemedi aliyeziona siku zile mbaya kwa macho yake hakulisema jambo hili wazi, ila aliweka kilio cha msasi mahali ambapo kila mtu angekikuta kabla ya kufika penye damu.

Milima ya Usambara ingali na misitu, na pembeni mwa misitu hiyo nguruwe wangali wanaingia mashambani usiku. Wakulima wangali wanafuga mbwa kulinda mahindi, mihogo na migomba yao, mbwa wembamba wasiosifiwa na mtu, wanaolala nje na kuamshwa na harufu ya kitu kilichovuka mpaka wa shamba. Siku mmoja wao anapokufa, mwenye nyumba humfukia kando ya shamba, watoto husimama kidogo, na kazi huendelea. Hakuna anayeweka matanga. Hata hivyo asili ya nchi hiyo, kama ilivyosimuliwa na wenyewe na kuandikwa kwa Kiswahili, inasema kwamba kabla ya kuwako Simba Mwene alikuwako msasi mwenye majonzi, na kwamba majonzi yake hayakumpunguzia utukufu. Wazee waliomwita mfalme wao simba hawakuona vibaya kumkumbuka akimlilia mbwa.